Admirali Anangoja Kukaribishwa

Ikulu ina vijiko vingi kuliko walaji. Vimepangwa kwenye droo zilizotandikwa kitambaa cha buluu, vya supu mbali, vya chai mbali, vingine hata mwenye kuvitunza hajui ni vya kulia nini, na siku nyingi kinachotoka humo ni kimoja. Rais hula peke yake. Nchi nzima ililijua hilo na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapinzani walisema anaogopa sumu. Wafuasi walisema ni mtu wa kazi, hana muda wa porojo. Wauza magazeti, ambao hawajawahi kukosa la kusema, walidai kwamba mtu aliyelishwa melini ujana wake wote hawezi kula mbele za watu bila kujiaibisha. Ukubwa ni jaa, kila apitaye hutupa lake. Wote walikosea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

Alikuwa mwanamaji. Watu waliendelea kumwita Admirali hata baada ya kumpigia kura, kwa maana walimchagua kwa lile alilofanya akiwa bado na magwanda. Kivuko kilipinduka kwenye dhoruba, na yeye, aliyekuwa ameamriwa aendelee na safari yake, akaigeuza meli ya kivita na kwenda kuokota watu majini mpaka sitaha ikakosa pa kukanyaga. Wakubwa wake walitaka kumshtaki. Bahati yake, kuna mtu alishampiga picha akiwa amembeba bibi kizee mgongoni, na picha ile ikabandikwa kwa kila kinyozi na katika kila duka la dawa. Huwezi kumshtaki mtu aliye ukutani kwa kila kinyozi. Wakampandisha cheo. Alipostaafu aliombwa agombee, akakataa, akaombwa tena, na mara ya pili hakukataa kwa sauti kubwa. Siku ya kuapishwa, binti yake wa pekee alikaa safu ya tatu, akapiga makofi kwa adabu kama wageni wengine.

Huyo binti ndiye habari yenyewe. Mengine yote nimeyasema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuwa akimngoja.

Melini kuna desturi ambayo watu wa nchi kavu hawaijui. Nahodha hali na maofisa wake. Ana kabini yake na meza yake, na chakula analetewa. Chumba cha kulia cha maofisa ni chao, na nahodha, pamoja na ukubwa wake wote, hakanyagi humo mpaka aalikwe. Akialikwa hubisha hodi, hungoja aambiwe karibu, ndipo aingie. Ina hekima yake. Watu wanaoishi miezi ndani ya chuma kimoja wanahitaji mahali pa kumsengenya mkubwa wao, na mkubwa mwenye akili huwaachia mahali hapo. Admirali aliipenda desturi hii kuliko medali zake. Kwake, hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya juu kabisa ambayo mwenye amri anaweza kuwapa walio chini yake, kutowaingilia.

Kosa lake lilikuwa kuibeba mpaka nyumbani.

Enzi za mke wake desturi hiyo haikuleta shida. Akiwa likizo alijifungia chumbani na ramani zake mpaka mke aje asimame mlangoni aseme, "Haya, bwana meli, karibu mezani." Mke alishamuelewa, na nadhani alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Kisha mke akaugua, akafa. Admirali akapewa kazi ya ofisini, bandarini, ili apate kulea, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akahamia kwao kumsaidia mtoto. Jioni zile alikaa chumbani akasikia sahani zikipangwa, akasikia vijiko, akasikia shemeji na mtoto wakizungumza kwa sauti ya chini. Akangoja. Hakuna aliyekuja mlangoni. Akajiambia, wana msiba wao, nao wanahitaji mahali pao, nisiwaingilie. Alipotoka alikuta sahani yake imefunikwa na chakula kimepoa. Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho. Meli ilipomwita tena alikwenda mbio, na hata mwenyewe alijionea haya kwa jinsi alivyofurahi.

Tangu hapo baba na binti waliheshimiana mno. Ni jambo baya sana, kuheshimiana mno. Wanaogombana hukutana, angalau kwa ugomvi. Hawa walipigiana simu sikukuu, wakaulizana afya, wakajibiana kuwa afya ni njema. Binti akasoma, akawa mkunga, akaolewa na fundi wa majokofu, akapata mtoto. Admirali alihudhuria harusi akiwa na sare nyeupe, akakaa walipomkalisha. Nyumbani kwa binti yake hakuwahi kuingia. Alikijua kibao cha mtaa wao na geti lao la kijani, kwa sababu kuna siku alimwambia dereva apunguze mwendo pale, akasingizia kwamba anaangalia hali ya mitaro. Wiki iliyofuata manispaa ilikuja kuzibua mitaro ya mtaa mzima. Watu walishukuru. Yeye aliendelea kungoja aambiwe maneno matatu tu, Baba, njoo tule.

Simu ilikuja akiwa kwenye kikao cha bei ya mbolea. Binti yake hakuwa na kawaida ya kupiga saa za kazi, kwa hiyo akainuka, na mawaziri wote wakainuka naye, ikabidi awape ishara wakae.

"Baba, shikamoo. Samahani kukukatiza."

"Marahaba, mama. Kuna nini?" Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la mama mzazi wa Admirali.

"Mume wangu amepata ile kazi. Ya maghala ya baridi, kule ng'ambo. Wametutumia tiketi, sisi wote watatu. Tunaondoka Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Nilitaka usisikie kwa watu."

Ulimi ulimwasha. Simu moja tu kwa mkurugenzi yeyote, na mkwe wake angeamka kesho akiwa na majokofu ya nchi nzima. Lakini alikuwa ameapa mbele ya umati kwamba ndugu zake watatafuta kazi kama ndugu za watu wengine, na alikuwa mtu wa kuyasadiki maneno yake mwenyewe, ugonjwa ambao wanasiasa wengi hawana. "Hongereni," akasema. Akarudi kwenye mbolea, na siku ile mbolea ilipanda bei zaidi kidogo ya alivyokusudia, kwa sababu hakuwa akisikiliza.

Alimwita mkuu wa itifaki, mwanamume mwembamba anayetembea bila kutoa sauti, akamwambia anataka kula na binti yake na familia yake kabla hawajaondoka. Kitu kidogo, cha kifamilia.

"Nimeelewa, Mheshimiwa," alisema mkuu wa itifaki, ambaye hakuwa ameelewa.

Siku ya pili yake familia ikaja. Walikutana na meza yenye urefu wa kufanyia gwaride, Admirali kichwani mwa meza, binti na mumewe mbali upande wa kulia, shemeji mbali upande wa kushoto, na mjukuu wa miaka minne katikati ya ukiwa huo, ameketishwa juu ya matakia mawili. Mbele ya kila mmoja palikuwa na kadi yenye cheo chake. Ya mtoto iliandikwa Mheshimiwa Mjukuu. Fundi wa majokofu aliishika yake kwa ncha za vidole, kama waya asiouamini.

Sasa, Ikulu nako kuna desturi yake. Rais akiweka uma chini, chakula kimekwisha, kwa wote. Wahudumu walisimama ukutani wakimtazama mkono. Na Admirali, kama wanamaji wote, alikula upesi, maana melini hujui kengele italia saa ngapi. Alikuwa akifikiria aseme nini. Alitafuta mwanzo wa maneno, hakuupata, akaweka uma chini ili aupate vizuri. Papo hapo glavu nyeupe zikashuka kutoka kila upande na sahani zote zikapaa. Binti yake alikuwa amekula matonge machache. Shemeji aliing'ang'ania sahani yake kwa muda, kisha akaiachia. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza paja la kuku, akalifuata kwa macho mpaka likapotea nyuma ya mlango.

"Shemeji," alisema mdogo wa marehemu, ambaye hajawahi kumwogopa, "wewe ulichaguliwa kwa kuokoa watu au kwa kuwanyang'anya chakula?"

Fundi alikohoa ili asicheke. Admirali akaagiza sahani zirudishwe, lakini jikoni zilikuwa zimeshamwagwa, na kilicholetwa kilikuwa matunda yaliyokatwa kwa umbo la nyota. Waliyala. Wakazungumza kuhusu baridi ya kule waendako na makoti waliyonunua. Kisha binti akatazama saa na kusema wana maboksi ya kufunga.

Waliagana kwenye ngazi. Admirali aliinama kumuaga mjukuu, na mtoto akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Babu, kwako watu hawashibi," akasema. "Njoo kwetu. Mama anapika chakula kingi."

"Wewe," mama yake akamkanya, "babu ana kazi nyingi."

"Lini?" aliuliza Admirali. Alimuuliza mtoto.

"Kesho."

"Nimealikwa," Admirali akamwambia mkuu wa itifaki, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho yule bwana hakuwahi kukisikia, hata usiku wa kutangazwa matokeo. "Kesho mchana. Andika."

"Baba, nyumba yenyewe ndogo, na imejaa maboksi," binti alisema.

"Nimealikwa, mama."

Alipokwenda zake alikuwa karibu kupiga mluzi. Mzee mzima, Amiri Jeshi Mkuu, alichagua shati mara tatu siku iliyofuata. Akaamua asivae tai. Akaivaa. Akaivua ndani ya gari.

Hakufikiria kwamba rais haendi mahali, rais hupelekwa. Kabla yake alitangulia mlinzi mkuu na vijana wake, na mbwa. Walifunga mtaa. Walifungua maboksi yaliyokuwa yamefungwa, wakanusa makoti. Walionja wali na kuku. Kisha, kwa kuwa utaratibu unasema chumba atakachoingia Rais kiwe tupu wakati anaingia, waliwatoa wenye nyumba, kwa adabu, wakawasimamisha kwenye kibaraza cha jirani, na aliyekuwa zamu akaambiwa awarudishe akipewa ishara. Kila mlinzi alidhani mwenzake ndiye mwenye kutoa ishara.

Admirali akafika. Mlango wa gari ukafunguliwa ukigusana na mlango wa nyumba, ili asionekane, na kwa sababu hiyo naye hakuona nje. Akabisha hodi. Hakuna aliyemkaribisha. Mlinzi mkuu akasema, "Ingia tu, Mheshimiwa, pako salama."

Kilikuwa chumba kimoja cha kukaa na kulia, na maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Ukutani palikuwa na misumari iliyobaki baada ya picha kutolewa. Meza ilikuwa tayari: sahani zisizofanana, jagi la maji, bakuli la wali lililofunikwa kwa sahani, mchuzi ukitoa mvuke. Viti vitano. Hapakuwa na mtu.

Alikaa. Akafikiri wako jikoni, watatoka. Jikoni kulikuwa kimya. Akafikiri wanabadili nguo. Mvuke wa mchuzi ukapungua, ukaisha. Akatazama mikono yake. Alielewa, au alidhani ameelewa: wamempikia, kwa kuwa mtoto alishamwalika, na baba mwenyewe ni Rais, lakini kula naye hawakuweza. Wamemwachia chakula mezani kama zamani na wamekwenda kula mahali pao, pamoja, wapate kuzungumza kwa raha. Haki yao. Angekula kidogo ili wasione amedharau, afunike, aondoke. Akanyoosha mkono kwenye bakuli, na mkono ukakataa. Moyo ulimuuma kwelikweli, na safari hii hakuwa na meli ya kumwita.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Aliinuka kwenda kuwatafuta.

Mlinzi mkuu alimzuia mlangoni. "Mheshimiwa, huku nje bado hatuja..."

"Pisha."

Aliwaona mara moja. Walikuwa kwenye kibaraza cha jirani, wamesimama mstari mmoja juani, na kijana mwenye bunduki mbele yao. Binti yake alikuwa na aproni, na upawa mkononi. Mjukuu alikuwa ameketi sakafuni. Fundi wa majokofu alimshikia shemeji mwavuli. Walimtazama, hakuna aliyesogea.

"Mnafanya nini huko?" aliuliza Admirali.

"Tunangoja ruhusa," binti yake akajibu.

"Ruhusa ya kuingia kwenu?"

"Shemeji," alisema mdogo wa marehemu, "kama tumealikwa tuambie, na kama hatukualikwa tuambie vilevile, maana mimi miguu inawaka moto."

Waliingia. Binti aliupeleka mchuzi jikoni kuupasha, akarudi, akaanza kupakua. Alianza na baba yake.

"Kumbe unaweza kuja," akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ningekuja siku yoyote. Hukuwahi kunikaribisha."

Upawa ukasimama juu ya sahani. "Mimi nikukaribishe wewe?"

"Nani mwingine? Nyumba ni yako. Hata kule kwetu, mama yako alipofariki, nilikuwa nakaa chumbani nangoja mje mniite. Yeye alikuwa akija kuniita. Nyinyi hamkuja, nikajua hamnitaki karibu." Alisikia jinsi maneno yale yalivyo ya kitoto, akajaribu kuyasimamisha wima. "Ni desturi ya melini. Nahodha haingii wanapokula watu wake mpaka wamkaribishe. Ni heshima. Nilikuwa nawapa heshima."

Shemeji aliweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza tangu Admirali amfahamu, utani ulimwishia.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia mtoto. Niliona mlango umefungwa, mtu kafiwa na mke, nikasema anataka kuwa peke yake, tusimsumbue. Huyu binti yako alikuwa anakuwekea kiti. Kila jioni anakivuta kile kiti chako, anakaa kukitazama, na mimi namwambia kula mwanangu, baba yako hatoki. Anauliza, kwa nini hatoki? Namwambia nyamaza, atasikia. Ukawa mnong'ono tu, nyumba nzima."

Fundi alimkata mtoto nyama vipande vidogovidogo, vidogo kuliko ilivyohitajika, ili apate pa kutazama.

"Nilikuwa darasa la tatu, Baba," binti alisema. Bado alikuwa amesimama. "Mtoto wa darasa la tatu atamkaribishaje baba yake kwenye nyumba ya baba yake?"

Admirali aliwahi kujibu maswali ya bunge zima kwa siku mbili mfululizo bila kunywa maji. Aliwahi kuwajibu wakubwa wa jeshi waliotaka kumshtaki kwa kuigeuza ile meli. Sasa alikitazama kiti ambacho binti yake alikuwa bado hajakikalia. Aliona kwamba watu wa kivuko hawakumwalika. Walikuwa wanazama, naye akaenda, akavunja na amri juu yake, na dunia ikampa nchi kwa sababu hiyo. Na ndani ya nyumba yake, hatua chache kutoka kitandani kwake, mtoto alikuwa akivuta kiti.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Nilishakusamehe zamani." Alimalizia kupakua, akamsogezea sahani. "Siku ya harusi yangu nilikuona umekaa pale na sare yako, peke yako, nikakusamehe palepale. Ila nilidhani nakusamehe kutonipenda."

Mlinzi mkuu alichungulia mlangoni akasema muda umekwisha, Mheshimiwa, na hakuna aliyegeuka. Binti akaketi. Mtoto aliuliza kama sasa wanaweza kula, akaambiwa ndiyo. Admirali akachukua tonge la kwanza huku macho yamemjaa, na hakuyafuta. Chakula kilikuwa kitamu. Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na chakula hiki angekuwa amekila miaka yote hiyo.